Aliyepima Katuni Kama Kahawa

Siku tuliyomzika Mpimaji, watu walisimama mmoja mmoja kando ya migomba yake wakamsifu. Mmoja alisema alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Mwingine akasema hakuwahi kumkosea mtu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na kina mama, nikanyamaza, kwa sababu msibani watu hawasahihishani. Lakini maneno yale yamenichosha tangu siku hiyo, na naona afadhali niandike nilivyomjua. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nitakwenda polepole. Nitaandika pia kuhusu kitabu cha kaka yangu, maana bila hicho nisingekuwa na haja ya kumwandika mtu huyu hata kidogo.

Katika vijiji vyetu, Kanoni kote, na Chonyonyo, na Kituntu, hata upande wa Kyerwa, ukisema Mpimaji watu walijua unamsema nani. Jina lilitoka kwenye kahawa. Miaka mingi alikaa mlangoni mwa ghala la chama kimoja cha msingi cha ushirika, akichota kahawa ya maganda, ile iliyokaushwa bila kukobolewa, kutoka kila gunia, akiimwaga kwenye ungo, akiitandaza kwa kiganja. Kisha aliuma punje moja na kutaja daraja. Alichosema hakikubadilika. Kilichomtoa pale ni gunia la mkubwa mmoja, ambalo juu lilikuwa kavu na katikati bichi. Akasema, "Irudi mkekani ikauke." Haikupita wiki, aliyerudi nyumbani akawa yeye, na ungo wake kwapani.

Vitabu vya katuni vilimfuata huko nyumbani. Miaka ile vilikuwa vichache. Vililetwa na madereva na utingo kutoka Bukoba, vingine vilivuka kutoka Uganda, na kimoja kiliweza kuzunguka nyumba zote za kijiji mpaka picha zikachoka. Waliovipenda walikuwa watu wazima: walimu, mafundi cherehani, makatekista. Siku ya gulio walibadilishana, na kila gulio lilikuwa na ugomvi wake, huyu amepewa kitabu kisicho na ukurasa wa mwisho, yule amepewa kilicholowa. Siku moja fundi cherehani na mwalimu walishikana mashati mbele ya nyumba ya Mpimaji. Akatoka na ungo. Akaweka vitabu vyote viwili ndani yake, akainama, akaanza kuvigeuza kwa ncha ya kidole kama anavyogeuza kahawa. Watu walicheka. Alipomaliza akasema, "Hiki kina kasoro tisa. Hiki kumi na nne. Fundi, umeibiwa. Mwalimu, rudisha."

Hakuna aliyecheka tena. Kuanzia gulio lililofuata wakaanza kumletea vitabu.

Kanuni zake zilikuwa hizi. Kona iliyokunjwa, kasoro moja. Alama ya kidole, moja. Utomvu wa ndizi, mbili, kwa sababu utomvu hautoki, na huku kwetu nusu ya vitabu vilishikwa na watu waliotoka kumenya ndizi. Mafuta ya senene, mbili. Maandishi ya mkono, moja kwa kila mahali. Karatasi iliyochanika, tano. Kitabu chenye kasoro zisizozidi tatu kilikuwa daraja la kwanza. Mpaka kumi na tano, la pili. Mpaka thelathini, la tatu. Kikizidi hapo alikirudisha akisema, "Maganda matupu," na neno hilo likawa tusi la mtaani. Wanawake walikuwa wakiwaambia hivyo waume zao.

Malipo yalikuwa mshumaa mmoja. Mshumaa aliutumia kwa kazi hiyohiyo. Alikata mifuko ya nailoni ile inayokaa ndani ya magunia ya mbolea, akaifua mara tatu, akaianika, akaingiza kitabu pamoja na kikaratasi cha daraja, halafu akaunganisha mdomo wa mfuko kwa moto. Kitabu kikishaingia humo hakisomwi. Ukifungua, alisema, daraja limekufa, na kitabu kinapimwa upya kama kigeni.

Kwa sababu hiyo palikuwa na watu waliokuwa na vitabu wasivyoweza kuvisoma. Mwalimu mkuu mmoja wa Chonyonyo alitundika chake ukutani, daraja la pili, kasoro nne tu, pembeni ya kalenda ya kanisa. Mke wake alivumilia miezi miwili. Siku moja akakifungua kwa kisu cha kumenyea ndizi, akakisoma chote akiwa anasubiri chungu kichemke, akacheka mpaka majirani wakaja. Mwalimu mkuu akakirudisha kwa Mpimaji.

"Kilikuwa na nne," Mpimaji akamwambia. "Sasa kina kumi na moja."

"Saba zimetoka wapi, mzee?"

"Muulize mama. Ukurasa wa sita ana kidole gumba kizuri sana."

Dereva mmoja wa lori alimjia juu hivyohivyo. "Kitabu nimekinunua Bukoba kipya, waitu mzee wangu, sijakisoma hata mimi! Kasoro nane zimetoka wapi?"

"Zimetoka Bukoba."

Watu walimwogopa, na bado walipanga foleni. Mimi nadhani walichopenda ni kule kuangaliwa kwa makini. Mtu amelima kahawa miaka yote, amepimiwa na watu wenye haraka, halafu anakutana na mzee anayekaa na kitabu chake siku nne, ukurasa kwa ukurasa, kama kitu cha maana. Hata aliyepewa maganda matupu aliondoka ameinama kidogo, kama mtu aliyetoka kuungama. Mpimaji alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ya kukaribishia wageni. Daraja likiwa baya, alikuwa anakusogezea kikapu kwanza. Ukikiona kinakuja, unajua.

Mwenyewe hakuwa anasoma katuni. Hilo liliwashangaza wengi. Alisema ukifuata hadithi, jicho linasamehe. Kibarua mmoja mwenye asili ya Rwanda alimletea kitabu cha Kifaransa, akamwuliza kama anakijua Kifaransa. "Sisomi," akajibu, "napima." Akakipima, kikapata la pili, na yule kibarua akakibusu kile kikaratasi.

Lakini kila kasoro aliiandika katika daftari kubwa lenye mistari, kabla hajagusa chochote. Aliandika ilivyo na ilipo. Kama ni maandishi ya mkono, aliyanakili neno kwa neno, kwa sababu mteja anaweza kubisha. Ndivyo alivyomsomea fundi cherehani, mbele ya mke wake, "Ukurasa wa nane, kalamu ya bluu: Rehema, Jumapili usikose." Mke wa fundi haitwi Rehema. Fundi alilala kwa kaka yake muda mrefu.

Nilikuwa nayajua haya yote. Naomba msomaji alishike hilo, maana mbele nitaonekana mjinga, na nilikuwa mjinga kweli.

Kulikuwa na mambo mawili ndani yake ambayo hayakukaa pamoja. La kwanza, yeye aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kahawa bichi iliyofichwa chini ya kavu, alikuwa na tabia ya kusafisha vitabu vya watu kabla ya kutoa daraja. Hakukisafisha cha kila mtu. Alisafisha cha yule aliyemwonea huruma, na hakumwambia. Alikuwa na kipande cha ndala nyeupe alichokichemsha mpaka kikalainika, na kwa hicho alifuta penseli na masizi, taratibu, karatasi isilalamike. Mtu akimwuliza, alisema, "Kahawa nayo huchambuliwa kabla ya kupimwa."

La pili, hakukubali kukosea. Kila kitabu alikianika kwanza kwenye mkeka, juani, tangu asubuhi mpaka saa sita, kwa sababu ndivyo unavyotoa unyevu kwenye kahawa. Katuni si kahawa. Katekista mmoja alirudishiwa kitabu ambacho koti jekundu la shujaa wake lilikuwa limegeuka rangi ya juisi ya ndizi.

"Mzee, umekiua!"

"Nimekikausha."

"Rangi iko wapi?"

"Rangi ilikuwa ni maji. Miaka yote nimeanika kahawa, haijawahi kulalamika."

Yule mwalimu wa ugomvi wa kwanza alikuwepo, mtu wa maneno. Akamwuliza, "Hivi Mpimaji, kasoro zako wewe unaziandika wapi? Maana daftari hili lote ni la wenzako." Watu wakaguna. Mpimaji akaangalia daftari lake kama vile hajawahi kuliona. "Siku nikipata moja," akasema, "nitakuja kukuazima kalamu."

Sasa kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa utingo. Alileta kitabu kimoja cha katuni kutoka Bukoba, na yeye hakubadilishana na mtu. Alikisoma akijibizana nacho. Kwa penseli aliwajibu watu wa kwenye picha, aliwatania, aliwapa majina ya majirani zetu. Tulicheka sana na kitabu kile, mimi na yeye na mama. Vita na Uganda vilipokuja mwaka wa sabini na nane, alikuwa mgambo, akachukuliwa pamoja na wenzake. Asubuhi aliyoondoka alikipachika kitabu juu ya boriti ya jikoni, na kwenye jalada aliandika kwa ajili yangu, maana alinijua: Usiguse, nikirudi nitajua.

Hakurudi. Hatukupata mwili, hatukupata nguo. Mama alikufa akiwa bado anaacha chakula chunguni. Mimi sikugusa kile kitabu mpaka nilipoona mchwa wamepanda ukuta na kufika karibu na boriti. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa baada ya vita. Ndipo nikakishusha, nikakipeleka kwa Mpimaji.

Nilichotaka ni mfuko tu. Sikutaka daraja. Lakini mfuko haukutoka bila daraja. Nilimpa kitabu na mshumaa nikasema, "Shikamoo mzee. Nataka hiki kisiharibike."

"Marahaba, mwanangu. Cha nani?"

"Cha nyumbani."

Hayo ndiyo niliyosema. Sikusema cha marehemu, sikusema maandishi yale ni ya nani. Neno marehemu sikuwa nimewahi kulitamka, na mbele ya foleni ya watu wanaocheka nisingeweza. Akaniangalia, akaona kitenge changu kilichopauka na macho yangu. Nadhani hapo ndipo aliponionea huruma.

Gulio lililofuata aliniita mbele. Alinikabidhi mfuko kwa mikono miwili, kitu ambacho hakikuwa desturi yake. "Daraja la kwanza," akasema kwa sauti. "Kasoro mbili. La kwanza tangu nianze." Watu walipiga makofi. Yule dereva wa lori alipiga mluzi. Niliangalia kupitia nailoni. Jalada lilikuwa safi kama la dukani. Kona ya juu, pale palipokuwa na mwandiko wa kaka, hapakuwa na kitu, na nikaelewa kwamba ndani pia hamna kitu.

Nikasema, "Asante mzee." Nikaenda nyumbani.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikupiga kelele. Labda ni ile furaha iliyokuwa usoni mwake. Labda nilichoka tu. Nilikitia kitabu sandukuni, chini ya nguo za mama, na sikukifungua. Kufungua ilikuwa ni kwenda kuhakikisha. Miaka mingi baada ya hapo, nikikutana na Mpimaji njiani, alinisalimia kuliko alivyowasalimia wengine. "Cha kwanza hajambo?" alikuwa anauliza, kama mtu anayeulizia mtoto. Nami nikajibu hajambo. Nilimchukia, na nilimpelekea ndizi siku mke wake alipofariki. Vyote viwili ni kweli.

Katikati ya miaka ya tisini vitabu vilikuwa vimepungua, vijana walikuwa wanafuata video mjini Kayanga, na macho ya Mpimaji yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nilisikia hali yake si nzuri. Nikachukua mkungu nikaenda. Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kigoda, ungo uko ukutani nyuma yake, kikapu cha kahawa miguuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akageuza kichwa, akasikiliza. "Ni wewe wa daraja la kwanza."

"Ni mimi."

"Cha kwanza hajambo?"

Niliweka mkungu chini. Akangoja kidogo, halafu akaniomba jambo. Alisema watu wakija huwa wanamsomea daftari, kwa sababu hana tena kazi nyingine na anapenda kusikia vitabu vilivyopita. Lakini cha kwangu hakuna aliyemsomea, alikuwa anakitunza mpaka nije mwenyewe. "Kaingie, liko juu ya sanduku. Tafuta ukurasa wenye uzi mwekundu."

Nikaleta. Nikafungua kwenye uzi. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na umenyooka kama mistari ya kahawa shambani. Nikaanza kumsomea, na sikuwa nimefikiria kabisa ninachokwenda kukutana nacho. Mtu mwenye uchungu hafikiri mbali.

"Kilivyokuja," nikasoma. "Jalada, masizi. Jalada, kona ya juu, penseli: Usiguse, nikirudi nitajua."

Nikasimama hapo.

"Endelea," akasema.

"Ukurasa wa pili, penseli: Huyu anatembea kama mzee wa kanisa akitoka kwenye pombe ya rubisi. Ukurasa wa tatu, penseli: Mama, mwangalie, ana njaa kama mimi. Ukurasa wa tano, penseli: Hapa dada atacheka."

Niliendelea mpaka mwisho. Kulikuwa na mahali kumi na saba. Mengine hayakuwa kamili, alikuwa ameandika tu "penseli, maneno matatu, hayasomeki." Mengi yalikuwepo. Yeye hakuniharakisha. Nilipomaliza aliinamisha kichwa.

"Nilidhani ni mtoto amechezea," akasema. "Nikasema nikusafishie. Zile siku nne nilifuta mpaka vidole vikauma. Mimi sisomi, unajua. Hicho nilikisoma." Akanigeuzia uso. "Yule aliyeandika alirudi?"

"Hakurudi."

"Ni nani?"

"Kaka yangu. Alikwenda vitani."

Kuku waliingia ndani wakatoka.

"Kwa hiyo alisema nisiguse," akasema, "na mimi niligusa."

Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akakipata kikapu cha kahawa, akakisogeza kwangu. Nikachukua punje moja nikaitia mdomoni.

"Kalamu iko ndani ya daftari," akasema. "Chini ya hapo andika: Kasoro ya mpimaji, moja."

Nikaandika. Halafu nikaona siwezi kuiacha hivyo, nikaongeza mstari.

"Umeandika muda mrefu," akasema. "Umeandika ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili ni ya nani?"

"Yangu. Uliniuliza cha nani, nikasema cha nyumbani."

Alifikiria. "Hiyo mimi sikuiona," akasema, "siwezi kuipima. Lakini iache." Kisha akasema, "Chana huo ukurasa. Ni wako."

"Mzee, daftari lako."

"Chana, mwanangu. Anzia juu, vuta taratibu."

Hakuna aliyewahi kuchana kitu katika nyumba ile; karatasi iliyochanika ndiyo ilikuwa kasoro kubwa kuliko zote. Nilishika karatasi kwa juu, nikavuta. Mpimaji alikuwa ameinua uso, akisikiliza karatasi ikiachia mshono wa daftari mmoja baada ya mwingine mpaka chini, na midomo yake ilikuwa inahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano.